Dar hadi Kitulo kwa Gari: Hesabu Saa, Kilomita Ziache

Safari ya kwanza niliipanga kwa kilomita. Dar es Salaam hadi Mbeya ni kama kilomita 830, nikagawanya kwa 80, nikapata saa kumi na kitu, nikamwambia mume wangu tutalala Mbeya. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumekwama katikati ya mlima Kitonga, gari limechemsha, malori mbele, malori nyuma, mama mkwe kwenye kiti cha nyuma anasali kimyakimya. Nikachukua kitambaa nifungue kifuniko cha rejeta. Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu akapiga kelele: "Mama, acha! Hiyo itakubabua uso!" Akakata matawi, akayatandaza barabarani nyuma ya gari letu ili madereva wajue kuna gari bovu. Akatungojesha karibu saa nzima, kisha akafungua mwenyewe, kidogokidogo, na kuongeza maji. Hela alikataa. Usiku ule tulilala Ilula, hata Iringa hatujafika.

Tangu hapo nimerudi Nyanda za Juu Kusini mara tatu, na sasa napanga kwa saa. Njia ile ina vijiji vingi na kwenye kila kijiji mwendo ni 50. Ukijidai una haraka utapigwa tochi. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi unapita kama kilomita 50 ukifuata vibao vya mwendo, kwa sababu twiga na tembo wanavuka wanapotaka, na ukigonga mnyama unalipa faini. Kitonga nako hakuingii kwenye hesabu kabisa: lori moja likifa kwenye kona, wote mnasubiri.

Kwa hiyo siku ya kwanza tunaishia Iringa. Tunatoka Kimara saa kumi na nusu alfajiri kabla foleni haijaanza, Kitonga tunaupanda mchana kweupe, jioni tunakula Iringa mjini bila papara. Siku ya pili ndiyo Mbeya. Siku ya tatu hatuendi popote, na naomba usiifute siku hiyo hata kama likizo yako ni fupi. Watoto wanahitaji kukimbia, na dereva anahitaji kulala.

Jambo jingine linalonisaidia ni kumuuliza kila mtu kabla ya kuondoka: wewe unataka nini, kimoja tu? Mwanangu mdogo alitaka tembo. Mume wangu alitaka kuona Ziwa Ngosi, lile lililo ndani ya kreta. Mama mkwe alitaka kusimama juu ya Daraja la Mungu, jiwe lililojiunda lenyewe juu ya mto Kiwira, maana alilisikia tangu yuko shule. Mimi nilitaka maua ya Kitulo. Vitu hivyo vinne ndivyo vilivyochora safari. Vingine vyote tulivyovikuta mtandaoni tuliviacha, na hakuna aliyenung'unika.

Kitulo inahitaji kufikiria zaidi. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda ulio kwenye mita 2,600 hivi, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Okidi na maua mengine huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani wakati wa mvua, na ukitaka maua umekubali tope. Gari letu ni la chini, halina faida huko. Tuliliacha Mbeya, tukakodi Land Cruiser pamoja na dereva mwenyeji, na sijutii hata shilingi moja. Ukipandia Chimala kwenda Matamba kuna kona 57. Mwanangu alizihesabu kwa sauti, kila kona kidole kimoja kwenye dirisha lenye ukungu, akapata 55, akataka turudi tuanze upya. Dereva akamwambia, "Tulia mjukuu, tukishuka utahesabu tena."

Kule juu baridi inauma. Masweta tulinunua mitumba Karume wiki moja kabla, kwa bei ndogo kuliko chakula cha njiani. Mama mkwe alitembea polepole kwa kuwa hewa ni nyepesi, tukamwacha aongoze mwendo. Jaza mafuta kabla ya kupanda, na beba kitambulisho cha NIDA, kwani kiingilio cha raia ni tofauti kabisa na cha mgeni.

Kuhusu gari lako mwenyewe, lipeleke kwa fundi akague rejeta, mabomba yake na breki angalau wiki moja kabla, upate muda wa kulijaribu. Usishangae likikosa nguvu: injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usilikimbize, zima AC, panda na gia nzito. Ukiona geji ya joto inapanda, simama mahali pana mapema, na kifuniko usikiguse.

Kushuka ndiko kunakonitia hofu zaidi. Wakati wa kurudi tulipofika kilele cha Kitonga mume wangu alitoa gia kwenye D akaweka 2, injini ikalia, gari likawa linashuka lenyewe taratibu. Mbele yetu kulikuwa na gari dogo lililowasha taa za breki kona hadi kona, na harufu ya breki kuungua ikaingia mpaka ndani kwetu. Tukamwacha aende, tukakaa mbali.

Chini kabisa ni Ruaha Mbuyuni. Vitunguu vya pale nunua wakati wa kurudi, buti ikiwa na nafasi.