Kupima umbali kwa latitudo na longitudo: ushauri kwa sisi tunaokaa kwenye Ikweta

Kazi yangu ni kupanga safari za magari ya mizigo yanayotoka Kampala kwenda madukani kote nchini. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza swali lile lile: nikiwa na latitudo na longitudo za sehemu mbili, nitajuaje zimeachana kilomita ngapi? Wengi wameshakutana mtandaoni na fomula ya haversine, ile inayopima umbali kwa kufuata mviringo wa dunia, wakaona saini na kosaini zimejazana, wakakata tamaa. Mimi nawaambia kwa safari za ndani ya Uganda wasianzie huko.

Nchi yetu inakatwa na Ikweta. Inaanzia kama digrii 1.5 kusini na kuishia kama digrii 4.2 kaskazini, na ndani ya ukanda huo digrii moja, iwe ya latitudo au ya longitudo, ni takriban kilomita 111. London digrii moja ya longitudo ni kilomita 69 tu, maana mistari hiyo huzidi kukaribiana kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia. Kwetu bado imeachana vizuri, kwa hiyo kanuni ya Pithagorasi tuliyosoma shuleni inatosha kabisa.

Chukua Kampala (0.3476, 32.5825) na Gulu (2.7746, 32.2990). Latitudo zinatofautiana kwa 2.427, longitudo kwa 0.2835. Zidisha kila tofauti kwa 111, upate 269.4 na 31.5. Sasa zidisha kila jibu kwa lenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: kilomita 271. Haversine itakupa 272. Kwenye Excel, latitudo zikiwa safu ya B na longitudo safu ya C, andika hivi:

=111*SQRT((B3-B2)^2+(C3-C2)^2)

Ukitaka Kampala hadi London, hapo ndipo haversine inapohitajika. Nusukipenyo cha dunia weka 6371, na digrii zigeuze kwanza ziwe radiani (kipimo kingine cha pembe), kwani SIN na COS za Excel hazisomi digrii.

Lakini fomula si tatizo kubwa. Majibu ya ajabu niliyoyaona, karibu yote yalitokana na namba zilizoingizwa. Ukishapita Kayabwe kwenye barabara ya Masaka umevuka Ikweta, na latitudo lazima iwe na alama ya kutoa. Masaka ni -0.3411. Idondoshe alama hiyo, na Kampala hadi Masaka inakuwa kilomita 94 badala ya 121. Ubaya wake ni kwamba 94 haishtui mtu. Inapita, dereva anapewa mafuta pungufu, na lawama zinamwangukia yeye. Faili lolote lenye Masaka, Mbarara au Kabale, mimi hutazama alama hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Ukibadilisha nafasi za latitudo na longitudo, Kampala inahamia jangwani Algeria. Hilo angalau utaliona upesi. Linalojificha ni dakika na sekunde, yaani vipande vya digrii. Mtu akikuandikia 0°20′51″, usiandike 0.2051. Gawanya 20 kwa 60, na 51 kwa 3600, jumlisha: 0.3475. Ukikosea hapo umesogea karibu kilomita 16. Na usikate desimali ovyo: nne zinakufikisha ndani ya mita kumi na kitu, mbili zinaweza kukuacha kijiji cha jirani.

Anayechukua kodineti (yaani latitudo na longitudo) kutoka ramani za zamani za karatasi naye aangalie pembeni mwa ramani. Ikiwa imeandikwa Arc 1960, yaani mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, vipimo vyake vimeachana na vile vya simu, vinavyotumia mfumo wa WGS 84, kwa karibu mita 300. Kwa lori si neno. Kwa mpaka wa shamba ni kesi.

Halafu jibu lolote utakalopata ni la mstari ulionyooka, wa ndege. Kampala hadi Kalangala linatoka kilomita 83, lakini gari linazunguka Masaka, linashuka Bukakata, linasubiri feri ya kwenda Luku, ndipo liendelee kisiwani. Safari hiyo ni zaidi ya mara mbili ya hesabu. Kwa hiyo mstari ulionyooka nautumia kujua duka gani liko karibu na lipi, na kukamata namba zilizokosewa. Gharama ya mafuta napanga kwa kilomita za barabara, na kabla sijaziandika nampigia dereva aliyepita huko wiki ile, hasa msimu wa mvua.