Usiipeleke 35 hiyo bunduki

Mkuu, simama hapo hapo. Umeorodhesha silaha tano za gemu yako ya kurushiana risasi, ukauliza ipi ianze, zitoe sauti gani na ziuzwe bei gani. Halafu katikati umetupia kasentensi kwamba bunduki kuu utaiongezea damej, yaani uhai ambao kila risasi inautoa, "kidogo tu", kutoka 33 hadi 35. Hapo ndipo gemu inapofia.

Mchezaji wako ana uhai 100. Kwa damej 33, risasi tatu zinatoa 99, anabaki na 1, kwa hiyo lazima ziwe nne. Kwa 35 tatu zinatosha. Bunduki inatoa risasi 600 kwa dakika, moja kila sekunde 0.1, na ya kwanza haisubiri, kwa hiyo unahesabu nafasi kati ya risasi. Nne ni sekunde 0.3, tatu ni 0.2. Damej imepanda asilimia 6, muda wa kuua umekatika theluthi nzima. Kidogo tu, eh? Magazini ya risasi 30 nayo, iliyokuwa inatosha watu 7, sasa inamaliza 10.

Ajabu yake, damej ikiwa popote kati ya 34 na 49, kwa risasi za mwilini hakuna kinachobadilika: zote ni risasi tatu. Ndiyo maana nakasirika na wale walimu wa video wanaosema "ongeza mbili mbili, jaribu, sikiliza wachezaji", kana kwamba wanaonja chumvi kwenye mchuzi. Wengi wao hata uhai wa mchezaji hawautaji!

Jaribio lako lenyewe litakudanganya. Umesema unapima kwa boti, wale wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta, zilizovaa ngao ya 50. Uhai 150: 33 inahitaji risasi tano, 35 inahitaji tano vile vile. Utaona hakuna tofauti, utaachia toleo, halafu raundi ya kwanza, ambayo watu hawana ngao, wote wananunua bunduki moja na silaha zako nyingine nne zinabaki pambo. Pima boti uchi na boti zenye ngao, kila moja peke yake.

Risasi ya kichwa umeipa damej mara mbili ya mwili. Zamani kichwa kimoja na mwili mmoja vilitoa 66 na 33, yaani 99, mtu anapona kwa tundu la sindano. Kwa 35 ni 70 na 35: 105, kwaheri, kwa sekunde 0.1. Anayecheza kutoka Dar kwenye seva ya Ulaya mwenye pingi ya 150, yaani data yake inachukua milisekunde 150 kwenda na kurudi, atakufa kabla hajapata nafasi ya kumjibu adui, kisha atakuja huku kutukana.

Ukiing'ang'ania 35, shusha kasi iwe risasi 400 kwa dakika, sekunde 0.3 zinarudi. Au iache 600, lakini ikivuka mita 15 damej ishuke 33. Usifanye yote mawili kwa pamoja, hutajua kipi kimefanya kazi.

Wakubwa wenyewe wameshaungua. Desemba 2015 Valve waliingiza bastola ya R8 kwenye Counter-Strike: Global Offensive kwa dola 850 za mchezoni. Kwa damej 115 iliua kwa risasi moja ya kifua hata aliyevaa kinga, kazi ya AWP, bunduki ya kudungulia ya dola 4,750. Siku chache tu wakaishusha hadi 86.

Kwa hiyo kabla ya jina, sauti au rangi, andika risasi ngapi zinaua: bila ngao, na ngao, kichwa, karibu, mbali. Shotgani yako ya chembe 8 za damej 13 inatoa 104, ikikosa chembe moja ni 91 na adui anakugeukia. Weka 15, saba zitatosha. Upinde na bomu la kutega... uliuliza pia bei, sio? Leta jedwali kwanza.