Namna ya kujua nondo wanaohama wametoka wapi

Ndugu, umeuliza inawezekanaje kujua nondo aliyenaswa mtegoni alizaliwa wapi, ilhali hawezi kuvishwa pete mguuni kama ndege. Ushahidi bora, kwa maoni yangu, umo katika mabawa yake. Maji ya mvua yana kiasi kidogo cha haidrojeni nzito (aina ya haidrojeni yenye atomu nzito kuliko ya kawaida), ambacho kwa jumla hupungua kadiri unavyokwenda mbali na ikweta au kupanda milimani. Mmea huyanyonya maji hayo, kiwavi huula mmea, na bawa linalojengeka katika hatua ya pupa hubaki na uwiano wa haidrojeni nzito kwa ile ya kawaida unaotokana na maji hayo, hata nondo akisafiri mbali, kwa kuwa bawa lililokomaa halijengwi upya. Uwiano huo hulinganishwa na ramani ya haidrojeni nzito katika mvua. Hata hivyo, jibu huwa ni ukanda mpana, wala si shamba fulani.

Ukanda huo hupunguzwa kwa chavua iliyonata kwenye mrija wa kunyonyea, ambayo hutaja mimea aliyoitembelea (si lazima ile ya alikozaliwa), na kwa kukokotoa pepo za usiku kurudi nyuma, yaani kutafuta zilivuma kutoka wapi. Tahadhari inahitajika hapa, maana nondo hapeperushwi tu: utafiti wa rada umeonyesha kwamba nondo aitwaye Autographa gamma huchagua usiku wenye upepo unaomfaa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ambamo nondo wakubwa wa Acherontia atropos walibebeshwa visambaza mawimbi ya redio na kufuatwa kwa eropleni kutoka Ujerumani, ulionyesha kwamba hushika njia iliyonyooka hata katika upepo wa mbisho.