Mleta uzi, usilipe hiyo advansi ya Ijumaa: mtu kwanza, kitambaa baadaye

Mdogo wangu, simamisha hiyo oda. Sikusalimii, sijakaa sawa.

Nimesoma maelezo yako mara mbili. Babu wa mama yako alikuwa Mskoti, wa ukoo wa Campbell, akaoa mwanamke wa ukoo wa MacDonald. Baba yako Mchagga wa Marangu. Unafunga ndoa Inverness, kule Uskoti, unataka uvae kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, na Ijumaa unalipa duka la mtandaoni kwa sababu "nimeandika jina la ukoo, mtambo wao ukanionyesha tartani yangu", yaani kitambaa cha drafti chenye rangi za ukoo. Nilipofika hapo kwenye mtambo nikaweka kikombe chini.

Mtambo huo tunafahamiana. Umenila zaidi ya pauni 600.

Mimi baba ni Mdigo wa Tanga. Babu mzaa mama alikuwa Mskoti, fundi wa injini za reli, jina lake la ukoo Miller. Nimeishi Glasgow miaka bila kujali habari za kilti, mpaka shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alipotangaza harusi na kusema wanaume wote wavae. Nikaona hapa hapa, leo watajua na mimi nina kwetu. Nikapanda treni kwenda Edinburgh, nikaingia duka moja lenye zumari zinazolia tangu mlangoni (hiyo peke yake ilitosha kunigeuza, ila nilikuwa na kiherehere). Kijana wa kaunta akaniuliza jina, nikasema Miller. Akaandika, akabonyeza, akanyoosha mkono kunipongeza: "Wewe ni MacFarlane!" Akanichapia na karatasi yenye nembo na historia ya ukoo. Halafu akashusha jora la kitambaa chekundu chenye drafti za kijani na mistari myeupe, akaniambia hizi ndizo rangi walizovaa babu zangu vitani tangu enzi na enzi.

Nikaamini kila neno. Mtu mzima, mwenye ndevu.

Yule kijana hakuniuliza swali moja tu ambalo lingeniokoa: Miller wa wapi? Miller ni jina la kazi. Kila kijiji chenye kinu cha kusaga nafaka kilikuwa na Miller wake, na hawana undugu wowote. Wapo Miller waliokuwa chini ya ukoo wa MacFarlane kule Arrochar, karibu na ziwa Loch Lomond, basi wauzaji wakachukua orodha ya majina ya namna hiyo na kuwabebesha wote. Babu yangu alizaliwa Ayrshire, upande wa Kilmarnock, nchi ya tambarare, mbali na milima ya MacFarlane. Smith, Taylor, Wilson, Brown, wote hao mtambo una ukoo wa kuwapa. Hauwezi kukuambia "hatujui", kwa sababu "hatujui" haiuziki kwa yadi.

Na yadi zenyewe ni nane, mdogo wangu. Zaidi ya mita saba za sufu nzito, karibu kilo mbili kiunoni. Fundi anakupima kiuno na nyonga, halafu anakunja marinda ya nyuma moja moja kwa mkono ili drafti ziendelee bila kukatika, kiasi kwamba ukisimama wima huoni kabisa kitambaa kimekunjwa wapi. Kazi ya wiki nyingi, na nzuri kwelikweli, fundi simlaumu hata chembe. Lakini ikishakatwa kwa vipimo vyako ni yako. Wewe unayenunua mtandaoni usijidanganye na ile haki ya kurudisha mzigo ndani ya siku 14: sheria ya Uingereza inaondoa vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vya mteja. Soma tena masharti ya hilo duka lako.

Harusini, kwenye foleni ya chakula, mzee mmoja akashika pindo la kilti yangu kwa vidole viwili kama mama anayekagua kanga sokoni. "MacFarlane! Wa wapi?" Nikajibu, "Wa Tanga." Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka kuwazidi, nikajifanya ndiyo ulikuwa utani wangu. Mzee hakuwa na ubaya. Akaniuliza nani kwetu alikuwa MacFarlane, ametoka upande gani wa ziwa. Sina. Akanisimulia kwamba hao jamaa walikuwa wezi wa ng'ombe wa kutisha, mpaka mwezi mpevu ukaitwa taa ya MacFarlane. Nikatikisa kichwa kwa majivuno juu ya wezi wa ng'ombe wa watu nisiowajua.

Hayo bado si mabaya. Nilimtumia mama picha. Akapiga simu palepale: "Hiyo ni ya nani?" Nikamweleza habari za MacFarlane. Kimya. Kisha: "Na bibi wa Skye je?"

Bibi wa Skye ni mama yake babu Miller, mzaliwa wa kisiwa cha Skye, MacLeod. Huyo ndiye aliyekuwa akiwafumia wajukuu zake wa Afrika masweta ya sufu na kuyatuma kwa posta. Masweta, Tanga! Ipo picha sebuleni kwetu, mama ana miaka kama sita, amesimama chini ya mwembe, sweta limefika shingoni, jasho linang'aa usoni, na amekatazwa kulivua hadi mpiga picha amalize. Nimekua naitazama picha hiyo. Jina la bibi ninalo, kisiwa ninacho, sweta lenyewe mama bado analo. Na ukoo wa MacLeod una ngome yao Dunvegan, hukohuko Skye, na tartani ya kijani na buluu iliyotulia ambayo hata ningevaa msibani isingenitoa aibu. Kijana wa kaunta angeniuliza "unamjua nani?" badala ya "unaitwa nani?", ningemtaja bibi huyo kabla hajamaliza swali.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: chagua mtu mmoja. Usichague jina la ukoo wala asilimia za kipimo cha DNA (nimemwona mchangiaji wa tatu hapo juu aliyekushauri upime, nisamehe kaka, lakini mate kwenye kichupa hayajui tartani). Awe mtu unayeweza kumtaja jina, mahali alipozaliwa, na jambo lake moja. Ukishampata, vaa ya kwake, wengine waache wapumzike. Awe wa kikeni, awe bibi wa bibi, hakuna sheria Uskoti inayokukataza. Inayokwepwa na watu ni Balmoral tu, ile ambayo Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, aliibuni mwaka 1853, maana ni ya familia ya kifalme.

Na wakikuletea ile hadithi ya "rangi za babu zako vitani", waulize za mwaka gani. Baada ya vita vya Culloden, ambapo waasi wa milimani walishindwa, serikali ilipiga marufuku mavazi ya milimani mwaka 1746, na marufuku haikufutwa hadi 1782. Kiwanda cha ufumaji cha Wilson pale Bannockburn kilikuwa kikiuza tartani nyingi kwa namba tu, majina ya koo yakaja baadaye. Mwaka 1815 jumuiya moja ya Wahighlandi (watu wa milimani) wa London iliwaandikia wakuu wa koo walete sampuli za tartani zao, na wapo waliobaki wakiulizana ni ipi hiyo. Mfalme George IV akazuru Edinburgh 1822, mwandishi Walter Scott akapanga sherehe, kila mwenye cheo akataka yake haraka. Na mwaka 1842 ndugu wawili wakachapa kitabu walichodai kimetoka kwenye hati za kale. Kilikuwa cha kughushi, na baadhi ya tartani zake zinavaliwa mpaka leo bila wasiwasi. Sisemi ni upuuzi, miaka mia mbili si haba. Nasema kitambaa chenyewe hakijui damu yako.

Sasa Campbell wako. Hiyo ya mistari ya njano na myeupe uliyobandika picha, umejuaje ni ya kwake? Mkuu wa ukoo, Duke wa Argyll, anatambua nne: ya Campbell kwa jumla, ambayo ndiyo ileile ya kijani na buluu nzito ya kikosi cha jeshi cha Black Watch, kisha za Breadalbane, Cawdor na Loudoun. Breadalbane ni Perthshire, Cawdor ni karibu na Nairn, Loudoun ni Ayrshire. Bila mahali alipozaliwa unapiga ramli. MacDonald nao wana matawi kibao. Ingia ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu za serikali. Vyeti vya kuzaliwa vya Uskoti vinaanzia 1855, na vinataja mama wa mtoto kwa jina lake la usichana, kwa hiyo cheti kimoja kinakufungulia pande mbili. Lakini kabla ya kulipia cheti, mpigie mama yako. Muulize nani kati ya hao wawili alikuwa akisimuliwa nyumbani. Akianza kucheka au kulia kwa mmoja wao, umeshapata kilti.

Wanaokutisha na Glencoe 1692, pale askari walioongozwa na Campbell walipowaua MacDonald waliowakaribisha, kwamba Campbell na MacDonald hawakai pamoja, waache. Babu na bibi wa mama yako walishayamaliza wenyewe chumbani. Na wanaokushauri ubuniwe tartani mpya inayochanganya wote wawili pamoja na Marangu, waulize nani analipia kufumisha.

Umeuliza pia kuhusu kukodi, soksi, na wasimamizi wako wavae nini. Kodi, ndiyo, kama mtu wako hujampata kabla ya harusi. Wasimamizi wavae Black Watch: Campbell wanaihesabu yao, lakini watu wa kila jina huivaa. Soksi watakujibu wengine.

Ukishampata, omba kwanza kipande cha sampuli kwa posta, maana tartani ileile hufumwa kwa rangi kali na kwa rangi zilizopauka, na picha ya simu haitofautishi. Na huyo Campbell akitokea kuwa wa Loudoun, njoo PM. Hiyo ni Ayrshire, kwa babu Miller, huenda wako alikuwa akipeleka nafaka kwenye kinu cha kwetu na deni bado lipo.