Kidole juu ya kioo

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Ni tukio gani la filamu lililokuonyesha msiba bila kuhitaji maneno, na lilifanyaje?" Jibu nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma swali. Kuliandika ndiko kumenichukua siku tatu, maana ile filamu na jambo lililonipata mimi mwenyewe vimeshikana kama nywele zilizosukwa pamoja.

Filamu ni Trois couleurs: Bleu (yaani Rangi tatu: Bluu), ya mwongozaji wa Poland Krzysztof Kieślowski. Ilitoka mwaka 1993 na mwaka huohuo ikapewa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice. Julie, anayeigizwa na Juliette Binoche, anapata ajali ya gari akiwa na mumewe, mtunzi mashuhuri wa muziki, na binti yao mdogo, Anna. Anapona peke yake. Daktari anapomletea habari, hatumwoni daktari. Tunaona jicho la Julie limejaa kioo kizima, na yule daktari ni kivuli kidogo kinachoelea ndani ya mboni. Wengi wakizungumzia filamu hii hulitaja jicho hilo. Mimi linanipendeza, lakini silo lililonikaa.

Lililonikaa ni mazishi. Julie bado yuko hospitalini, wafu wake wanazikwa bila yeye. Mwenzake wa kazi wa mumewe anamletea televisheni ndogo sana, ya kubebwa mkononi, ili aone kwa sababu mazishi ya mtu mkubwa yanarushwa hewani. Kwenye kile kioo tunaona majeneza mawili, moja kubwa na moja dogo. Julie ananyoosha kidole na kuligusa lile dogo.

Basi. Hakuna kingine. Hapigi kelele, ni midomo tu inayotetemeka.

Sasa fikirini jinsi filamu nyingi tunazouziwa kwenye flashi pale Birere, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, zingefanya. Mtu akifa kamera inakimbilia kaburini, mama anajitupa chini, kinanda kinapanda mpaka sauti inakwaruza. Kieślowski na mpiga picha wake, Sławomir Idziak, wangeweza kutupeleka makaburini, hela walikuwa nazo. Badala yake wametubana kitandani pamoja na Julie na kutupa picha mbovu, ndogo, iliyopauka. Mazishi ya mtoto yamekuwa kitu cha ukubwa wa kiganja. Kati ya mama na mwanawe kuna kioo, na kioo hakina joto wala baridi ya mtu. Udogo wa ile picha ndio unaobeba uchungu, na kwangu hapo ndipo ufundi ulipo.

Niliiangalia mara ya kwanza nyumbani, Katindo, kwenye kompyuta ya kukopa, pamoja na jirani yangu mmoja, mama wa makamo asiyekosa kilio hata kimoja mtaani. Aliudhika na Julie tangu mwanzo. "Huyu hakumpenda mume wake," akasema, "mbona halii?" Halafu likaja tukio la mfanyakazi wa nyumbani anayelia peke yake jikoni. Julie anamuuliza kwa nini analia, naye anajibu kwamba ni kwa sababu Julie mwenyewe halii. Jirani yangu akanyamaza, kisha akasema polepole, "Haya, huyo sasa ni mtu." Kwetu kwenye kilio mwanamke asiyelia anatazamwa, anahesabiwa. Sijui kama filamu ilimbadilisha mama yule, ila aliendelea kuangalia mpaka mwisho, na swali alilobaki nalo lilikuwa moja: kwa nini bluu? Bluu si kofia za MONUSCO, wale askari wa Umoja wa Mataifa?

Nikiri kwamba hata mimi rangi hiyo ilinichanganya. Taa ya vishanga vya bluu, bwawa la kuogelea la bluu, mwanga wa bluu unaompiga Julie usoni. Msiba wetu hauna bluu. Lakini kuna tukio moja halihitaji rangi wala tafsiri kwa mtu wa Goma: Julie anaondoka nyumbani kwake akitembea kando ya ukuta wa mawe, anakunja ngumi na kuiburuza ukutani mpaka inachubuka. Sisi kuta zetu ni mawe ya volkano. Kila mtoto aliyekulia hapa anajua jiwe la Nyiragongo linavyofanya ngozi, huhitaji hata kuanguka, ukiteleza tu umeshapoteza nyama ya kiwiko. Nilijikuta nimeficha mkono wangu kwapani.

Nilidhani nimeimaliza filamu hiyo. Mwaka 2025 ikanirudia.

Mama mkubwa, aliyenilea miaka sita, alifariki Lubumbashi. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu vita vya Januari, benki zimefungwa, na njia iliyobaki ilikuwa kuvuka mpaka na kutafuta ndege Kigali kwa bei ambayo hata ukoo mzima ukichanga isingefika. Yaya (kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto) akaniambia nisihangaike, atanishikia simu.

Nikakaa nje, nyuma ya nyumba, mahali mtandao unaposhika. Picha ilikuwa inatikisika kwa sababu alikuwa anatembea. Nikaona udongo mwekundu wa Katanga, viatu vya watu, kitenge cha sare, halafu kwa muda mrefu nikaona kitu chekundu chenye mistari ambacho baadaye nilielewa ni kidole gumba cha Yaya juu ya lenzi. Akakiondoa. Jeneza likaonekana likiwa kwenye kamba, upana wake haupiti kiberiti.

Sikuwa nimepanga. Nilinyoosha kidole nikaligusa.

Kioo cha Julie hakikujibu kitu. Cha kwangu kilijibu: vitufe vikajitokeza chini, cha kamera, cha sauti, na kile chekundu cha kukata. Simu ilidhani ninataka kitu. Nikaondoa kidole haraka kama aliyeshika sufuria ya moto, nikangoja vitufe vijifiche tena, na katika kungoja huko picha ikaganda. Jeneza likabaki hewani, halipandi halishuki. Kisha kioo kikawa cheusi na ndani yake nikaona uso wangu.

Kieślowski naye anatumia weusi. Mtu anamsemesha Julie, ghafla kioo kizima kinazima, muziki wa mumewe unalipuka gizani, halafu picha inarudi palepale, sekunde ileile, na Julie ndipo anajibu. Filamu nyingine zikizima hivyo maana yake siku zimepita. Yeye alifanya kinyume: hakuna kilichopita, muda umemsimamia mtu mmoja tu huku wengine wakiendelea kungoja jibu. Nilipoiona mara ya kwanza niliona ni ujanja mzuri, nikaishia hapo.

Weusi wangu haukuwa na muziki. Kulikuwa na kuku wa jirani na mtu anayepiga misumari chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, barabarani. Nilipiga tena, ikakataa, nikapiga tena. Na mtandao uliporudi haukunirudisha palepale kama Julie. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, watu wanapiga udongo kwa migongo ya makoleo, mmoja anapanga maua ya plastiki.

Yaya akageuza simu nikamwona uso, jasho linamtiririka.

"Tulisha maliza," akasema. "Uliona byote?"

"Byote, Yaya."