Maswali ya Wasomaji: Utume wa Magereza

Toleo hili tunajibu barua zilizotufikia kutoka Moshi na Arusha.

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), Kibosho. Kwaresima iliyopita tulikwenda kuwaona wafungwa tukiwa na sufuria mbili za makande na nguo za mitumba. Tukarudishwa getini na kila kitu. Tulikosea wapi?

Milele amina. Chakula kilichopikwa nyumbani mara nyingi hukataliwa kikiletwa na kikundi, na sababu ina uzito: askari hajui kimepikwaje, na bweni zima likiumwa tumbo, aliye zamu ndiye atakayejibu. Nguo nazo hazina pa kwenda, maana mfungwa huvaa sare. Anayevaa nguo zake ni mahabusu, ambaye kesi yake haijaamuliwa.

Anzeni na barua, walau wiki tatu kabla. Iandikwe kwa Mkuu wa Gereza, ipitie kwa paroko na padre anayehudumia gereza hilo, iwe na muhuri wa parokia. Itaje majina ya wote watakaoingia na namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA), siku, saa, mtakachofanya, na orodha ya vitu kwa idadi. "Zawadi mbalimbali" haimsaidii mtu. Andikeni "miche 80 ya sabuni, dawa za meno 80, pakiti 40 za taulo za kike". Kabla ya kununua, ulizeni wapo wangapi. Vitu vichache vikiingia kwa watu wengi, wenye nguvu huvichukua, na ninyi mnaacha ugomvi nyuma. Palipo na upande wa wanawake, ulizeni pia kama kuna watoto wachanga waliofuatana na mama zao. Hao husahauliwa sana. Rozari ziwe za uzi, si za mnyororo wa chuma. Chupa za kioo, wembe, simu na fedha viacheni nyumbani.

Kinachoharibu utume kuliko vyote ni kikaratasi. Mfungwa atakuomba umpelekee mkewe ujumbe, au umpigie mtu simu. Usipokee, hata ukilia kwa huruma. Mpeleke kwa padre au kwa afisa wa gereza anayeshughulikia ustawi. Ujumbe mmoja uliopenyezwa unaweza kuifungia parokia nzima mlango. Na kwa maoni yetu, watu sita wanaokwenda kila mwezi wanafaa kuliko arobaini wanaokwenda Pasaka na kamera.

Mwanangu ana miaka 16. Amekamatwa Ngarenaro na simu ya wizi, kwenye karatasi wameandika ana 19 na amewekwa na watu wazima. Cheti cha kuzaliwa hatuna. Nifanye nini?

Mama, hili ni la leo, lisingoje tarehe ya kesi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Umri ukitiliwa shaka mahakama lazima iuchunguze, na mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Arusha kuna mahabusu ya watoto, na Moshi pia. Kwa hiyo kazi yako ni ushahidi wa umri.

Kama amebatizwa, nenda ofisi ya parokia alikobatizwa, si mnakosali sasa, kwa sababu kitabu hubaki kule. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, inamtaka paroko aandike pia tarehe na mahali alipozaliwa mtoto. Peleka majina yake, ya wazazi na ya msimamizi wa ubatizo, na mwaka unaoukumbuka. Omba cheti chenye saini na muhuri. Aliyebatizwa akiwa mchanga ana ushahidi mzito, maana kitabu kiliandikwa miaka mingi kabla ya kesi. Aliyebatizwa akiwa na miaka 12 alitaja tarehe mwenyewe au wazazi walimtajia, hivyo uzito unapungua. Ongeza kadi ya kliniki na barua ya shule ya msingi.

Hapa ndipo wengi hukwama: cheti kinasema Emanueli, polisi wameandika Ima. Kula kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na kiapo kiambatane na cheti. Kisha onana na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, umwombe afuatilie kuhamishwa kwa mtoto. Siku ya kesi uwepo, na mweleze hakimu wazi kwamba huyu ni mtoto na uthibitisho ni huu. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hawatozi fedha. Uliza halmashauri wako wapi. Na mtu akikudai "pesa ya dhamana" mkononi, usimpe. Dhamana haiuzwi.

Nikitubu kwa padre wa gereza, anaweza kuitwa mahakamani kunishuhudia?

Hata akiitwa, hawezi kusema. Kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa inamfunga asifichue lolote, kwa neno wala kwa namna yoyote. Lakini kitubio hakifuti kesi, wala padre hawezi kukuombea nafuu kwa hakimu kutokana na aliyoyasikia humo.

Mbona Kanisa linawahurumia wezi na kuwasahau walioibiwa?

Lawama hii mara nyingine ni ya haki. Katekisimu, namba 2266, inaipa adhabu makusudi matatu: kurekebisha madhara yaliyotendeka, kulinda watu, na kumrekebisha mkosaji. Anayeshika la tatu tu amekosea. Maaskofu wa Marekani, katika waraka wao wa Novemba 2000 kuhusu uhalifu, waliwaweka waliotendewa na waliotenda pamoja. Jumuiya inayopanga kwenda gerezani ipange pia kumtembelea aliyevunjiwa nyumba mtaani kwake.

Kaka yangu anatoka gereza la Karanga, Moshi, mwezi ujao. Alifungwa miaka sita kwa kuvunja duka la jirani, ametumikia minne. Humo amejifunza kutengeneza viatu. Ukoo umegawanyika. Tumpokeeje?

Hiyo miaka miwili ni theluthi ambayo sheria humpunguzia mfungwa mwenye mwenendo mzuri. Mweleze jirani hivyo, asije akadhani mmetoa rushwa.

Kuhusu ufundi, muulize kaka alikaa mkono upi. Katika kiwanda cha viatu cha gereza kazi hugawanywa: huyu anakata ngozi, huyu anashona kwa mashine, huyu anabandika soli. Aliyekaa miaka yote kwenye soli bado hawezi kutengeneza kiatu kizima, na nyumbani mashine haipo. Mtafutieni fundi viatu wa kukaa naye miezi mitatu, kisha mnunulieni vifaa vya mkono: sindano, uzi wa nailoni, nyundo, gundi, kisu cha ngozi. Msimpe fedha taslimu wiki za mwanzo. Sherehe ya mbege (pombe ya ndizi) muiache kabisa.

Kwa jirani aende mzee wa ukoo na mwenyekiti wa kitongoji, kabla kaka hajatoka na yeye asiwepo. Wamuulize anataka nini. Akikataa kuonana naye, asilazimishwe, hata na katekista. Akidai fidia, andikeni kiasi, tarehe za kulipa na majina ya mashahidi wawili, kila upande ubaki na nakala, na kiasi kiwe kile ambacho fundi viatu anayeanza anaweza kukipata kwa mwezi. Mkiahidi zaidi ya hapo atashindwa mwezi wa pili, na jirani atakuwa ameibiwa mara mbili.