Kwa nini Python inatoa 55 badala ya 10

Unasema programu yako ya Python (lugha ya kuandikia programu) ya kujumlisha namba mbili, a na b, inatoa 55 ukiweka 5 na 5, ila mwalimu kwenye video unayofuata anapata 10. Kompyuta yako haina tatizo, ndugu. 5 na 5 zinakuwa 55 kwa sababu kwenye Python 3 input(), amri inayopokea anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi siku zote, hata ukiandika tarakimu tupu, na alama ya + ikikuta maandishi huyaunganisha tu, haijumlishi. Zungushia int(), inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, tangu mwanzo: a = int(input("Namba ya kwanza: ")), na b vivyo hivyo. Utapata 10. Ila kama mtumiaji anaweza kuandika 2.5, weka float(), ya namba zenye desimali, maana int() itagoma na kukuletea ujumbe wa kosa, ValueError.

Mwalimu wa video yako kupata 10 bila int(), huenda anatumia Python 2. Huko input() ilikuwa inakokotoa yenyewe kile ulichoandika. Ukimwona anaandika print bila mabano, achana na video hiyo, toleo hilo liliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Nafundisha wanaoanza, na hapa wengi hukwama. Ukiwa na shaka, andika print(type(a)): ikitokea str ni maandishi, int ni namba kamili.